Mzunguko wa Tisa

Delfina Canepa alipofika mzunguko wa tisa aliisimamisha mashine ya kuviringishia waya, akavua glavu.

"Niitieni Mhandisi."

Tullio Ravera, aliyeichora sumaku tuliyokuwa tukiitengeneza, alishuka ngazi akiwa bado anatafuna. Karakana yetu hapa Genova hutengeneza sumaku za kupinda njia ya chembe zinazokimbia karibu na kasi ya mwanga. Waya wake, ukizamishwa katika heliamu ya kimiminika yenye baridi kali, hupitisha umeme bila kupoteza chochote. Lakini uzi mmoja tu kati ya nyuzi zilizousuka ukisogea, joto huzuka na umeme wote hukatika.

"Kona ya kugeuzia waya imebana mno," Delfina alisema. "Nyuzi zinachomoka."

"Kompyuta inasema inatosha."

"Basi ishuke ije ishike waya."

Tulicheka. Tullio hakucheka; kwa miaka kumi na minne mchoro wake ulikuwa haujarudishwa hata mara moja. Alivua koti, akaomba glavu, akauvuta waya taratibu kuzunguka kona. Uzi mmoja ukainuka. Akarudia. Ukainuka palepale.

"Weka kidole gumba hapa," Delfina alimwelekeza. "Umeusikia unavyosukuma?"

"Nimeusikia. Nikuongezee nafasi kiasi gani?"

"Milimita kumi. Kumi na mbili ukiwa na roho nzuri."

Tullio alikaa na hesabu siku tatu, akairefusha kona kwa kumi na mbili. Mkuu wa mradi alilalamika kwamba sehemu iliyonyooka, ile inayopinda chembe, ingepungua.

"Itapungua, na itatosha," Tullio alimjibu. "Andika kwamba nimesema mimi."

Mwezi Mei tuliishusha sumaku ndani ya pipa la baridi. Tullio alimwita Delfina chumba cha majaribio, mahali ambapo hakuwahi kualikwa katika miaka yake ishirini na sita ya kazi. Mara ya kwanza umeme ulikatika kabla ya kufika tulipotaka.

"Ni kawaida," Tullio alimwambia. "Sumaku mpya lazima ijiweke sawa kwanza."

Mara ya pili ulipanda zaidi. Mara ya tatu ulifika ampea elfu kumi na mbili tulizotaka, ukatulia saa nzima. Watu walipiga makofi.

Delfina alikuwa bado anaikodolea macho skrini. "Haiwezi kwenda zaidi ya hapo?"

"Inaweza."

"Sasa mbona mmesimama?"

Fundi wa mitambo alimgeukia Tullio. Tullio akaitikia kwa kichwa, na namba zikaanza kupanda tena.