Mtemi Mrefu wa Minofu

Mwalimu Ndalahwa wa Igoma alipopunguzwa kazi mwaka 1994, aliamua kumalizia riwaya aliyokuwa akihangaika nayo kwa miaka tisa. Ilisimulia maisha ya watu wawili: Nyanzobe, mfinyanzi aliyeishi kando ya ziwa miaka mia sita iliyopita, na Luhende, mzao wake wa leo, karani wa kiwanda cha pamba aliyeachishwa kazi. Chungu kilichofukuliwa shambani ndicho kilichowaunganisha.

Wachapishaji wa serikali walikuwa hoi, na wa binafsi walitaka mfadhili. Basi akaenda kwa Bwana Masalu, mwenye kiwanda cha minofu ya samaki, mtu mfupi mwenye kiti kirefu.

Masalu hakuusoma mswada. Aliupima uzito kwa mkono. "Nitakuchapishia, mwalimu. Ila huyu mama wa zamani ale sangara."

"Mzee, sangara wameletwa ziwani juzi tu, enzi za mkoloni. Nyanzobe alikula sato na furu."

"Wewe ulikuwepo?"

Ndalahwa akakiri hakuwepo.

"Halafu mtemi wake aitwe Masalu. Awe mrefu."

Ndalahwa alifika nyumbani amekasirika. Mkewe, Selina, alikuwa akikaanga mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki kiwandani minofu ikishapanda ndege kwenda Ulaya. Ndalahwa akalitazama kaango, akachukua kalamu.

Aliandika siku tatu. Mtemi Masalu, mrefu kupita mlango wa nyumba yake, aliwaamuru wavuvi wampelekee samaki wote. Nyama aliwauzia wageni wa ng'ambo kwa shanga. Mifupa akawagawia watu wake, nao wakatakiwa kushangilia. Nyanzobe akaamriwa kufinyanga vyungu vyenye sura ya mtemi, naye akafinyanga.

Siku ya kupeleka mswada Ndalahwa alivaa koti lake la kufundishia. Njia nzima alikariri jibu la kishujaa atakalompa Masalu akimfukuza.

Masalu akamwita Odeta, katibu wake, asome kwa sauti. Kufika ukurasa wa pili Odeta alianza kukohoa ili asicheke.

"Ishia hapo!" alisema Masalu.

Ndalahwa akavuta pumzi.

"Mtemi anauza samaki nje? Kabla ya soko huria? Mwalimu, una akili wewe!"

Kitabu kikatoka, na picha ya Masalu kwenye jalada. Wanawake wanaokata minofu walikisoma kwa kupokezana saa ya chakula, wakicheka mpaka machozi. Wakaanza kumwita Masalu "Mtemi" kila apitapo, naye akawa anawapungia mkono. Baada ya mwezi alikuwa ameagiza neno hilo liandikwe kwa rangi kwenye mlango wa gari lake.

"Baba Queen, kitabu kimetoka, unanuna nini?" Selina aliuliza.

"Hakuelewa hata neno moja."

"Na wale akina mama?"

"Wameelewa wote."

"Sasa ulimwandikia nani?"

Kesho yake Ndalahwa alikwenda getini kwa kiwanda, walau asikie sifa. Mkata minofu mmoja, Awuor, alimjia mbio, kitabu mkononi kikinuka samaki.

"Shikamoo mwalimu. Nina swali. Huyu Nyanzobe alijua kabisa mtemi anawaonea. Mbona alikubali kumfinyangia sura?"

Ndalahwa alikuna kidevu. "Alihitaji kuni za kuchomea vyungu vyake."

Awuor akamtazama kuanzia koti mpaka viatu. "Pole, mwalimu," akasema, akarudi kazini.