Arusha Hatuna Mtu

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, baba alitaja chuo kabla Levina hajamaliza kusoma alama zake.

"Dar," alisema. "Kwa shangazi yako Philomena. Kitanda kipo, na kanisa halipo mbali."

Kisha akarudi uani kugeuza mpunga uliokuwa umeanikwa kwenye turubai, kama mtu aliyemaliza kazi.

Levina ni mdogo wangu, ndiye wa mwisho kwetu. Alikuwa amepata daraja la pili: Fizikia C, Hesabu C, Kemia D. Uhandisi wa ujenzi alianza kuutaka akiwa mdogo, enzi zile daraja la Kilombero linajengwa. Tulikuwa tukienda kwa bibi upande wa Mahenge tunavuka kwa kivuko, na yeye hakubali kushuka mpaka aone chuma kinavyopandishwa juu. Nyumbani tunamwita Injinia, kwa utani na kwa kumaanisha. Chuo kikuu cha Dar kilimvutia kwa jina lake. Baba yeye kilimvutia kitanda cha shangazi. Basi wakawa wamekubaliana bila kujua kwamba kila mmoja anakubali kitu chake, na orodha yetu ya vyuo ikawa na chuo kimoja.

Mimi ni fundi cherehani, nashona hapo hapo barazani kwetu Mlabani, Ifakara, na ukikaa barazani unasikia mengi. Nilikuwa nimesikia kwa wateja jinsi watoto wao walivyoomba chuo kimoja wakabaki nyumbani mwaka mzima. Kwa hiyo Jumanne nilifunga kazi mapema, nikamchukua Levina tukaenda Viwanja Sitini kwa Salvatory, mtoto wa mama mdogo. Ana steshenari, na vijana wengi huombea vyuo kwake.

Salvatory alitazama alama, akatazama karatasi ya Levina.

"Hii ndiyo orodha?"

"Ndiyo," Levina akasema.

"Hii si orodha, ni sala. Dirisha la maombi linafungwa Ijumaa, Injinia. Ukiomba hapa peke yake, unatakiwa ufunge na mfungo."

"Kwani sina sifa?"

"Sifa unazo. Na wenzako wenye sifa kukuzidi nao wanazo, wamejaa nchi nzima, na wote wanakipenda hiki hiki." Alisogeza kiti. "Sikia. Weka kimoja kilicho juu yako, hicho sikukatazi, mtu lazima atamani. Weka viwili mnavyolingana kimo. Halafu weka kimoja ambacho kwa alama zako una nafasi nzuri kweli, na kozi yake uwe unaipenda. Siyo umeiweka tu kujaza karatasi, maana hiyo ndiyo unaweza kuisoma miaka minne."

Wakafungua kurasa za vyuo, moja baada ya nyingine. Mimi nilikaa kwenye benchi nikimtazama mdogo wangu. Mwanzoni alikuwa amenuna, anajibu nusunusu. Walipofika Arusha akainama karibu na kioo.

"Ujenzi pamoja na umwagiliaji," alisoma. "Vyote viwili kwenye kozi moja?"

"Vyote viwili."

"Mifereji na mabanio ya maji?"

"Si umesoma mwenyewe?"

Hakusema zaidi, ila hakutoa macho yake pale. Nikajua. Huyu akipenda kitu huwa ananyamaza.

Tukarudi nyumbani na vyuo vinne: Dar, Morogoro, Mbeya na Arusha. Salvatory alikuwa ameizungushia Arusha duara kwa kalamu nyekundu. "Hicho ndicho cha kulalia," alisema. "Mkikitoa hicho, vilivyobaki ni bahati."

Baba alisomewa karatasi akiwa anakula. Dar akaitikia. Morogoro akaitikia. Mbeya akafikiri, akasema yuko Beno, mtoto wa binamu yake, anafanya kazi reli. Arusha akaweka tonge chini.

"Arusha hatuna mtu."

"Baba, kuna mabweni," Levina akasema.

"Bweni linajua ukiumwa? Mimi sipeleki mtoto mahali ambapo hakuna mlango wa kugonga. Futa hiyo."

Mama akasema, "Wendelin, mtoto hajaenda hata kuomba."

"Ndiyo nasema asiombe. Akiomba akapewa, nitamkatalia kwa uso gani?"

Nikamwongezea mchuzi. Baba yangu ukimbishia akila, anakula haraka na anakuwa hajasikia. Lakini nilihofia jambo moja tu: kwamba Ijumaa itafika, Arusha ikiwa imefutwa, na Levina atabaki na bahati.

Jumatano ilikuwa zamu yetu kupokea jumuiya ya kanisa. Jumuiya yetu ni ndefu, inaanzia kwenye mashine ya kukoboa mpaka kule mashambani, kwa hiyo tunasali na wa kila aina. Rozari ikaisha, Neno likasomwa, na wakati wa maombi mama akamwombea Levina apate chuo. Mwenyekiti wetu, mama Febronia, alikuwa hawezi kusikia shida akaishia kusema amina. Kabla chai haijaletwa akauliza, "Chuo gani hicho?" Basi mjadala ukawa umefunguliwa.

Mzee Fulgensi akasema kuna chuo cha ualimu ambako shemeji yake ni mlinzi, mtoto atakula vizuri. Mwingine akataja cha uuguzi hapa hapa Ifakara, atakuwa anarudi nyumbani mchana. Mama mmoja akasema kaka yake yuko Mlimba.

"Mlimba kuna chuo cha uhandisi?" Febronia akauliza.

"Chuo hakuna. Ila kaka yangu ana nyumba kubwa."

Watu wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka. Levina alikuwa karibu na mlango, mkono mdomoni, sijui anazuia kicheko au kilio. Nikawaangalia wote wale. Kwa kweli hakuna aliyekuwa anafikiria chuo. Walikuwa wanatoa vitanda, kila mtu na alichonacho, kwa moyo mmoja. Tatizo ni kwamba kitanda kilikuwa kinatangulia, chuo kinafuata nyuma yake.

Nikaomba nafasi. Nilisema, "Vyuo tayari tunavyo, ni vinne, na kazi hiyo imekwisha. Naomba niwatajie miji, halafu mwenye mtu huko aseme."

"Taja," Febronia akasema.

"Dar."

Mikono kumi. "Hiyo ruka," akasema mtu.

"Morogoro."

"Morogoro hata kuku wangu ana ndugu," Fulgensi akasema.

"Mbeya." Baba akamtaja Beno, na mama mmoja akamtaja mwanawe wa kambo.

"Arusha."

Watu wakatazamana. Fulgensi akauliza kama Moshi haitoshi. Baba akanitazama kwa jicho la kusema, umeona? Mimi sikuwa namtazama yeye. Nilikuwa namtazama Jane, mke wa Seni, Wasukuma wafugaji wa kule mwisho wa mashamba, ng'ambo ya mto Lumemo. Jane alikuwa na miezi michache tu jumuiyani. Anakuja, anasali, anaosha vikombe, anaondoka. Nilipotaja Arusha alifungua mdomo, akaufunga, akarudi kutazama vidole vyake.

"Dada Jane," nikasema, "ulitaka kusema neno."

"Hapana. Ni vile tu." Akavuta kitenge. "Nina kaka yangu huko. Ndaki. Tumbo moja. Ni fundi wa kuchomelea mageti. Ana mke, ana mabinti wawili. Lakini sisi si ndugu zenu."

Baba akakohoa. "Ni kweli, mama. Nashukuru, ila si ndugu."

Febronia akageuka na kiti chake chote. "Wendelin, ukiongoza sala huwa unaanzaje?"

"Kwa jina la Baba."

"Baada ya hapo."

Baba akakoroga chai yake.

"Si unasema, ndugu zangu wapendwa? Jane huwa yuko nje wakati huo?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko, na Fulgensi akampigia baba makofi mgongoni mpaka chai ikamwagika. Baba alicheka pia, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Watu walipoondoka akakaa peke yake mezani. Mwishoni akasema, "Mimi sijawahi kukanyaga kwa akina Jane. Nitampaje mtu mtoto wangu, na ua wake siujui?"

"Basi twende tukaukanyage," nikasema.

Alhamisi asubuhi baba alivaa viatu vya Misa. Akakamata jogoo, akanipa mimi mfuko wa mchele niuweke kwenye kapu la baiskeli, tukaondoka. Ndivyo kwetu unavyokwenda kwa watu unaotaka wawe watu wako: huendi mikono mitupu, wala hutumi ujumbe.

Seni alituona toka mbali. Mkulima mzee anakuja na viatu vyeusi asubuhi, bila shaka alijua ni kesi. Alitoka zizini akatusubiri katikati ya njia, fimbo begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana wangu."

"Ng'ombe wangu wote wako ndani tangu jana jioni. Unaweza kuwahesabu."

"Sijaja kwa ng'ombe."

"Basi ni ndama. Yule mwekundu ni msumbufu, ila leo nimemfunga."

"Wala ndama. Nimekuja kwa ajili ya shemeji yako."

Seni akashusha fimbo. "Shemeji yangu yuko Arusha. Amefanya nini huko?"

Nyuma yake, mlangoni pa jiko, Jane alikuwa ameshika tumbo anacheka, hawezi kusema. Alikuwa amemweleza mumewe habari za Levina, lakini hata yeye hakudhani kama baba angekuja. Akaja akampokea jogoo kwa mikono miwili. "Wabeja," akashukuru kwa Kisukuma, na baba akaitikia kwa neno hilo hilo, vibaya, na Seni naye akaanza kucheka.

Tulikalishwa kivulini na maziwa mgando ya kujaza kibuyu. Baba huwa hanywi maziwa. Siku hiyo alikunywa, akaongezewa, akanywa. Halafu Seni akampigia Ndaki simu, akaweka spika.

Baba alisalimia kwa urefu, kisha akaanza. Unasali parokia gani? Unakunywa pombe? Nyumba ni yako au umepanga? Chuoni kutoka kwako ni mbali? Ndaki alijibu yote kwa sauti nzito, nyuma yake kukisikika mashine. Baba alipomaliza, yeye akasema, "Sasa mzee, na mimi nina maswali."

Baba akashtuka kidogo. "Uliza."

"Huyo binti anaamka saa ngapi?"

"Anaamka."

"Sijauliza kama anaamka, mzee, nimeuliza saa ngapi. Mabinti zangu Jumapili saa kumi na mbili wako njiani kwenda Misa ya kwanza. Na akiwa bwenini, mwisho wa wiki asipofika kwangu wala asipopiga simu, namfuata huko huko na nguo hizi za kazi zenye matundu ya moto. Asije akaniambia namtia aibu."

Levina hakuwepo, na nilifurahi hakuwepo. Baba alikaa na simu mkononi, akaitazama. Niliona mabega yake yakilegea.

"Umenijibu vizuri," alisema. "Na umeniuliza vizuri zaidi."

Njiani kurudi alikuwa mbele yangu kwenye baiskeli, anaimba bezi ya kwaya. Tulipofika hakuingia hata ndani. Alimwita Levina akiwa bado getini. "Irudishe ile Arusha. Na ujifunze kuamka."

Ijumaa kwa Salvatory palijaa mpaka barabarani, na mtandao ulikuwa unakwenda kwa kujivuta. Levina aliomba Dar, akaomba Morogoro, akaomba Mbeya. Alipofika Arusha mtandao ukasimama. Alikaa mkono juu ya kipanya, hapumui, na mimi nyuma yake sipumui. Ukarudi. Akabonyeza. Salvatory akatutolea karatasi nne, bado zina joto, akasema, "Sasa nendeni mkaendelee na maisha. Kuangalia simu kila dakika hakuongezi alama."

Levina hakumsikiliza. Wiki zile alilala na simu, akala na simu, akageuza mpunga na simu mfukoni. Majina yalianza kutoka asubuhi moja ya joto. Dar, hapana. Alisema "sawa" tu, akaendelea kugeuza. Morogoro na Mbeya, nafasi zimejaa. Safari hii hakusema hata hiyo sawa. Nilisimamisha cherehani, nikabaki na kitambaa mkononi. Mama alitoka jikoni, akasimama. Baba alijifanya anafagia.

Saa nane mchana simu ikalia ujumbe.

Levina alisoma kimya. Akasoma tena. Kisha akapita katikati ya mpunga kwa miguu yake miwili, kitu ambacho siku nyingine kingemfanya baba amfukuze, akampa simu baba mwenyewe.

"Soma, baba. Mimi macho hayaoni."

Baba akasoma kwa sauti, polepole, kama anasoma somo la kwanza kanisani: jina la Levina lote, jina la kozi lote, ujenzi na umwagiliaji, Arusha.

Jane alikuwa anapita barabarani na ndoo yake ya maziwa. Alisikia neno la mwisho tu. Akaweka ndoo chini, akapiga vigelegele. Sikujua kama mwanamke mkimya namna ile ana sauti ya namna ile. Ilifika mpaka kwenye mashine ya kukoboa. Mama akampokea, mimi nikampokea mama, na kabla hatujapumzika mama Febronia alikuwa amekwishaingia, nyuma yake majirani watano, mmoja na kiti chake.

"Anaolewa nani?" Febronia akauliza. "Na mbona jumuiya haijaambiwa?"

"Hakuna anayeolewa," mama akasema, akijifuta macho kwa kanga. "Kuna anayekwenda kusoma. Kaeni, naongeza mchele."