Walionyonya Ziwa Moja

Nuru alinyonya ziwa langu miaka miwili, kwa kuwa homa ilimkausha maziwa mama yake, Bibi Waridi, ninayemtumikia nyumbani mwake. Ziwa la kulia lilikuwa lake, la kushoto la binti yangu Faida. Kwa sheria ya dini hao ni ndugu. Mwalimu wa hapa Kasongo alinitamkia hivyo kwa kinywa chake. Basi sikieni nilivyolipwa.

Juzi nimetenga wali, watoto wote wawili wameshanawa. Nuru, miaka saba tu, akavuta sinia upande wake.

"Faida asikule hapa. Mushenzi anachafua chakula."

Akakunja pua vile vile mama yake anavyoikunja akiwaona Wabangubangu wenzangu wanaoleta kuni. Bibi Waridi akacheka mpaka akapiga paja.

"Angalieni mutoto wangu, iko na akili!"

Damu ilinichemka. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nilitaka kumwambia hayo usoni. Lakini Jumamosi Faida alikuwa aanze chuo cha Kurani pamoja na Nuru, na ruhusa ilikuwa ya Bibi Waridi. Alikwisha kunionya kwamba chuoni anakwenda mwenye adabu ya kiungwana, si wa porini. Na mimi nilitaka binti yangu asome, asije akaishia kwenye moshi wa jiko la watu. Nikameza.

Jikoni hasira yangu ikamwangukia asiye na kosa. Nikamshika Faida sikio.

"Ukisema tena Kibangubangu nitakupiga. Unataka waseme weye mushenzi?"

Akatikisa kichwa, machozi yakimlenga. Lugha hiyo ndiyo niliyombembelezea alale.

Ijumaa mama yangu akafika kutoka Kabambare, siku tano kwa miguu, na kifurushi cha kumbikumbi wakavu kwa ajili ya mjukuu asiyepata kumwona. Alimkuta Faida mlangoni. Akakunjua mikono, akamwita kwa Kibangubangu.

Faida akakunja pua.

"Ondoka. Washenzi hawaingii hapa."

Nilimfikia mbio, nikamtikisa bega.

"Nani amekufundisha maneno hayo? Nuru?"

"Hapana, mama. Ni weye."

Kweli nyani haoni kundule. Siku zote nilikuwa namlaani Bibi Waridi moyoni, na sasa sikuwa na wa kumlaani. Nilitamani kupiga kelele.

Mama yangu hajui Kiswahili. Alikuwa bado anatabasamu, mikono wazi, akaniuliza mtoto amesema nini. Nikainua macho. Bibi Waridi alikuwa amesimama barazani, anatusikiliza, na chuo kilikuwa kesho.

"Amesema karibu," nikamjibu mama yangu kwa Kiswahili.

Akaniangalia, akingoja nimwambie kwa lugha yetu.