Posa ya Mashimo Tisa

Kheir alikuwa fundi wa chokaa, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko chokaa mbichi. Ukuta ukiwa umepinda alimwambia mwenye nyumba kuwa umepinda, hata kama aliyeujenga ni babu wa mwenye nyumba na picha ya babu imetundikwa papo hapo. Watu wa Mji Mkongwe walimpa kazi kwa sababu chokaa yake haibanduki. Maneno yake waliyavumilia tu.

Mkewe alikuwa amefariki miaka sita nyuma. Kheir akabaki mtaani Mpendae na dada yake mkubwa, Bi Mize, ambaye kila Ijumaa baada ya chakula alimuuliza ataoa lini. Kila Ijumaa Kheir alijibu kuwa bado hajaona. Kisha akaitwa kutengeneza ukuta wa hoteli moja kule kaskazini, na huko akaona.

Alimuona Bi Ulfat, mtalaka wa miaka arubaini na sita, msimamizi wa uwanja wa gofu wa hoteli ile. Mrefu, buibui lake safi, miguuni viatu vya raba. Alikuwa akipanga nani aanze kucheza saa ngapi, na mgeni akiharibu nyasi alimkaripia mpaka mgeni akaomba radhi kwa lugha tatu. Jioni kazi ikimalizika alichukua magongo yake akacheza mwenyewe, na mpira wake ulikuwa ukipaa kama umetumwa. Ule ukuta fundi mwengine angeumaliza kwa siku nne. Kheir alikaa juu ya kiunzi wiki mbili.

Bi Mize akapeleka ujumbe kwa desturi, kupitia kwa shoga yake anayejuana na watu wa Bi Ulfat. Jibu lilirudi Ijumaa, na Bi Mize aliingia nalo ndani amekunja uso.

"Mwanamke mzima wa akili huyu, Kheir?"

"Kwa nini, dada?"

"Anasema posa ya kukaa kwenye mkeka na kunywa kahawa kashaijua. Mumewe wa mwanzo alikuwa mtamu kwenye mkeka, sukari na asali. Alikuja kumjua siku aliyopotelewa na funguo, akavunja mlango na sahani zote za kabatini. Safari hii anataka kwanza amuone mtu akikosa. Hapo sina neno. Lakini anataka mukaonane kwenye gofu! Gofu lenye mashimo tisa! Kheir, litakuangukieni! Na mashimo tisa, nyoka wangapi humo?"

Kheir akacheka mpaka akashika ukuta. "Dada, si gofu la nyumba mbovu. Gofu ni ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo."

"Aa." Bi Mize akakaa kitako. "Basi anasema uende Jumapili alasiri, ukiwa unamtaka kweli. Na uende na magongo yako, hawaazimishi mtu."

Kheir hajapata kushika gongo la gofu maishani mwake. Lakini Jumapili ilikuwa kesho kutwa, na kumtaka alimtaka kweli.

Jumamosi asubuhi alipanda vespa yake mpaka kwa Usi, anayeuza vitu vya kontena: mafriji, magodoro, baiskeli, viti vya ofisi visivyo na mguu mmoja. Kila kinachotupwa Ulaya na bado kinatembea, Usi anacho.

"Natafuta magongo ya gofu," Kheir alisema.

"Unataka bakora za Mzungu, fundi? Umepata kazi ubalozini?"

"Nataka kuoa."

Usi alimtazama, akaona mtu hatanii, akampeleka nyuma ya magodoro. Kulikuwa na mifuko miwili. Wa kwanza mweusi, magongo yake yanameremeta. Wa pili wa kijani, zipu imekufa, na vishikio vya magongo vimesuguliwa na mikono ya watu.

Mchezo Kheir alikuwa haujui, lakini vyombo vya kazi alivijua. Alilitoa gongo moja moja, akafumba jicho moja akatazama urefu wake kama anavyotazama rula, kuona kama limepinda. Akaligonga kichwa kusikia kama kimelegea. Akakwaruza kutu kwa ukucha aone ni ya juujuu au imeshaingia ndani. Mawili aliyakataa pale pale.

"Hili limeungwa kwa gundi."

"Fundi, unanunua gofu au unakagua msikiti?"

Alianza kuyajaribu ya mfuko mweusi, Usi amesimama mbele yake na wateja wawili wa friji wakitazama. Yalikuwa mazima, lakini mkononi yalikaa kama kiatu cha mtu mwengine. Alilipunga gongo hewani mara tatu na mara tatu zote akaona haya.

"Na haya ya kijani?"

"Yaache hayo. Yamekaa tangu mwaka jana. Kila anayeyashika anasema yana shetani, anayarudisha. Ngoja nikutafutie..." Mteja wa friji akamwita, Usi akatoka nje, na yule wa pili akamfuata.

Kheir alibaki peke yake na magodoro. Akachukua gongo la mfuko wa kijani bila ya kufikiri, akalipunga hewani. Lilipiga mluzi. Akalipunga tena. Likaingia mkononi kama mwiko wake wa kazi, kama limemngojea yeye. Usi aliporudi alimkuta fundi ameshaufunga mfuko kwa kamba.

"Haya ndo yangu."

"Mimi nshakwambia. Yakikushinda hayarudi."

"Hayatorudi."

Jumapili alioga mara mbili, akavaa shati lililopigwa pasi na Bi Mize mpaka likasimama lenyewe, akaufunga mfuko nyuma ya vespa. Njiani askari akamsimamisha akauliza kama zile ni bunduki. Kheir akajibu kuwa anakwenda kuposa. Askari akasema kwa posa afadhali bunduki, akamwacha apite.

Bi Ulfat alikuwa akimngojea mwanzo wa uwanja, mchana kweupe, mbele ya wageni na wakata nyasi.

"Bwana Kheir. Karibu."

"Ahsante, Bi Ulfat. Nataka nikwambie mapema, mie sijui."

"Najua hujui. Ungekuwa unajua nisingekuita. Anza."

Kheir aliwatazama wageni waliotangulia, akasimama kama walivyosimama wao, bega la kushoto mbele, akashika kama walivyoshika. Akapiga. Mpira haukutikisika, lakini kipande cha nyasi kiliruka mbali sana. Akapiga tena. Mpira ukaenda pembeni, ukampita mkata nyasi mmoja baina ya miguu. Mara ya tatu ulirudi nyuma, jambo ambalo hata Bi Ulfat, katika miaka yake tisa uwanjani, hajawahi kuliona.

"Hebu nione hilo gongo." Alilichukua, akaligeuza, akaanza kucheka, akajitahidi kujizuia, akashindwa. "Bwana Kheir! Nani kakuuzia haya? Haya ya mashoto! Uso wake unatazama kwengine. Wewe unapiga kwa kisogo!" Akajipangusa macho. "Au wewe mashoto?"

Kheir akautia mkono wa kushoto mfukoni.

Alikuwa mashoto tangu kuzaliwa. Utotoni kwao Makunduchi mwalimu wa chuo cha Kurani alimfunga mkono ule kwa kitambaa, na nyumbani mama yake akaukaza. Alijifunza kula kwa kulia, kuandika kwa kulia, kutoa na kupokea kwa kulia. Alijifunza vizuri, ila siku moja tu. Alikuwa na miaka ishirini na nne, amekwenda na wazee wake kuposa, moyo unamwenda mbio, akaletewa kikombe cha kahawa akakipokea kwa kushoto. Baba wa msichana alilivuta sinia nyuma akasema: "Huyu hajalelewa." Posa ikafia pale pale. Tangu siku ile Kheir aliuweka mkono wa kushoto kama mbwa mkali: umefungwa mbele ya watu, anaufungua akiwa peke yake juu ya kiunzi, au nyuma ya magodoro ya Usi.

"Mie? A-a," alisema. "Mie mtu wa kulia. Nimebambikwa dukani tu."

Mtu aliyekuwa haogopi kumwambia tajiri kuwa nyumba yake mbovu, alisema uongo wa maneno tisa, na ukamtoka laini kama mchanga uliochekechwa.

"Basi leo nitavunja sheria yangu," alisema Bi Ulfat. "Tutatumia haya yangu, wote wawili."

Wakaenda. Kwa magongo ya Bi Ulfat, Kheir alikosa kwa namna nyingine. Mpira mmoja uliingia minazini ukagonga mnazi wa kwanza, wa pili na wa tatu, kama mtu anayepita kusalimia majirani. Mwengine ukatua juu ya mashuka ya hoteli yaliyoanikwa. Kila akikosa alijitukana kwa sauti, kisha akacheka, kisha akaenda kuutafuta mpira kwa miguu yake mwenyewe. Bi Ulfat alitembea pembeni anatazama.

Mwisho wa shimo la nne alitoa karatasi na kalamu. "Hapa umepiga ngapi?"

"Kumi na nne."

"Kuna wanaume hapa wangesema sita."

"Nimepiga kumi na nne. Na kule kichakani mpira niliusogeza kwa mguu, hukuniona. Andika kumi na tano."

Bi Ulfat hakuandika. Alimtazama kidogo, kisha akasema taratibu, "Unajua, Bwana Kheir, hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta. Kukosa kila mtu anakosa. Lakini wewe husemi uongo."

Walitembea mpaka mwanzo wa shimo la tano, na pale Kheir hakuweza kwenda tena.

"Bi Ulfat. Nimekudanganya."

Uso wa mwanamke ukafunga. "Una mke."

"Sina."

"Una madeni."

"Sina. Mie mashoto."

Bi Ulfat alingoja. Alipoona hakuna lililobaki, akauliza, "Na nini tena?"

"Basi. Ni hilo." Akamweleza yote, amesimama, haketi, habembelezi: kitambaa cha chuoni, kikombe cha kahawa, sinia lililovutwa nyuma. "Kule dukani hakuna aliyenitazama, nikashika nnavyoshika mwenyewe, ndo maana nikayapenda. Hapa uliponitazama wewe, nikashika kama watu. Nimeona usijesema nawe kuwa sikulelewa."

Upepo ulikuwa ukilichezea buibui la Bi Ulfat naye halishiki.

"Kula unakula kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Kusalimia?"

"Wa kulia."

"Sasa huo wa kushoto, gofu nani aliukataza?" Akamsukumia mfuko wa kijani. "Toa magongo yako, bwana. Umenitesa mashimo manne bure."

Kheir akatoa gongo. Akasimama upande wa pili wa mpira, bega la kulia mbele, mbele ya Bi Ulfat na wakata nyasi na wageni na Mungu wake, akashika anavyoshika. Miaka arubaini na kitu ya mkono uliofungwa ilishuka pamoja na lile gongo. Likapiga mluzi, na mara hii mwisho wa mluzi kulikuwa na mlio mkavu, mzuri, kama jiwe la ukuta linapokaa mahala pake. Mpira ukapanda, ukapanda, ukawa mdogo juu ya bahari, ukashuka katikati ya nyasi.

Kheir alipiga ukelele. Hakujua kuwa ana ukelele wa namna ile. Mkata nyasi mmoja akazima mashine akapiga makofi, na wazee wawili wa Kizungu wakavua kofia.

"Umeuona?"

"Nimeuona."

"Si umeuona lakini?"

"Bwana Kheir, nimeuona! Twende ukaupige tena kabla hujanihadithia."

Hakuwa bingwa baada ya hapo. Wa pili aliupiga ukaenda mchangani, na mchangani alikaa mapigo sita, ametapakaa mpaka kope. Lakini kila upigaji wa tatu au wa nne ulikuwa ukipaa, na ule usiopaa ulimchekesha zaidi. Bi Ulfat akaanza kumfundisha: magoti, shingo, usitazame unakokwenda, tazama mpira. Kheir naye akamwambia bila kuulizwa kuwa ule ukuta wa mwanzo wa uwanja, si ule alioutengeneza yeye, umepakwa saruji badala ya chokaa na utapasuka kabla ya mwaka. Bi Ulfat akasema yeye aliwaambia hivyo hivyo mameneja na hawakusikia. Wakatembea mashimo mawili mazima wakiwasema mameneja.

Kwenye shimo la tisa mpira wa Kheir ulisimama hatua mbili kutoka kwenye bendera. Alichukua lile gongo bapa la kusukumia, akachutama kupima mteremko. Aliposimama akamkuta Bi Ulfat ameweka simu sikioni.

"Kaka Mansour? Waalaikum salaam. Ijumaa baada ya sala utakuwepo nyumbani? Una wageni... Wa kheri, ndiyo. Wanatoka Mpendae... Fundi wa chokaa... Hapana, mchezo hajui. Nnakwambia hajui, kaka, kapiga mia na tatu na shimo hajalimaliza."

Kheir alikuwa amesimama kama nguzo, gongo mkononi. Bi Ulfat akamwonyesha kwa kidole: piga, unangoja nini?

Akapiga. Mpira ukaenda sawasawa, ukafika mdomoni mwa shimo, ukazunguka ukingo wote kama unatafuta mlango, ukatoka upande wa pili ukaendelea na safari yake.

"Kakosa tena," Bi Ulfat alisema kwenye simu. Kisha akasikiliza sauti ya kaka yake, macho yake kwa yule fundi aliyejaa mchanga mpaka kope, ameinama ameshika magoti na mabega yanamtikisika.

"Hapana, kaka, hakukasirika," alisema. "Anacheka. Ndo huyo nnayekwambia."