Pazia la Maua ya Manjano

Jumamosi ile daktari wa meno alikunywa chai akiwa ameketi juu ya katoni la vyombo, kwa kuwa viti vyake vilikuwa bado havijafika kutoka mji aliohama. Akapigia gauni lake pasi juu ya katoni jingine, akatoka kwenda kuitazama klabu ya tatu.

Mbili za kwanza hazikumwingia moyoni. Moja ilikuwa na viwanja vya tenisi, na wanachama walioongea habari za mbwa wao kama wengine waongeavyo habari za wajukuu. Nyingine ilikuwa na bwawa, na kila aliyesikia kazi yake alipanua kinywa atazamiwe jino. Lakini daktari wa mifupa, mwenzake hospitalini, alikuwa amemwonya: "Mji huu, dada yangu, usipokuwa na klabu utaongea na friji." Naye kweli alishaanza kuisalimia friji.

Klabu ya tatu ilikuwa nyumba kuukuu nyuma ya benki. Katibu wake, mzee mwembamba mwenye tai, alimwingiza ukumbini. Wanachama waliketi kila mmoja peke yake, ameelekea dirisha lake.

"Kaa popote," katibu alisema. "Dirisha litakutambua."

Akakaa. Dirisha lilionyesha ukuta wa benki, kisha likaonyesha jiko la mama yake, safari ya siku mbili kwa basi kutoka hapo. Mama alikuwa anakata vitunguu. Mwanga wa jiko ulimwangukia daktari magotini, na hata ile sufuria isiyo na mkono aliiona. Mama akainua uso, akafuta macho kwa mgongo wa kiganja, akamwona. Daktari naye akafuta yake, na kwake hakukuwa na kitunguu.

"Asiyekuwepo machoni na moyoni hayupo," katibu alisema. "Sisi hapa tumelimaliza hilo. Ila dirisha halifunguki. Wageni wanapita mlango wa mbele."

Akajiunga palepale.

Usiku mama akapiga simu. Alisema dirisha limetokea ukutani juu ya meza, na jirani yake mwashi amelipigapiga akasema limejengwa sawasawa. "Nimekuona, mwanangu. Umekonda, ila kiti chako kizuri. Unakuja lini?"

"Mwisho wa mwezi, Mama."

Basi ikawa kila akitoka kazini, huyo klabuni. Alikunywa kahawa mama akipika. Mama alimwonyesha paka aliyezaa, yeye akamwonyesha viatu vipya. Wala hakuzoea. Kila jioni jiko lile lilipojitokeza alikaa wima kama mtu aliyeingia mahali pa ibada. Jamani, kumwona mzazi wako mbali vile, hata mvuke wa sufuria yake unauona!

Mwisho wa mwezi ukaja na wagonjwa wengi. Mwingine ukaja na mkutano. Ahadi ni deni, lakini anayekudai akikupungia mkono kila jioni unaanza kudhani amekusamehe.

"Mwanangu, hilo basi limeharibika?" mama aliuliza kwenye simu.

"Mama naye! Si tunaonana kila siku?"

"Tunaonana," mama alisema.

Mama alikuwa fundi cherehani. Wiki iliyofuata aliileta cherehani yake jikoni, akakunjua kitambaa kizito chenye maua ya manjano. Daktari alifurahi mno; hakuwa ameshonewa na mama yake tangu aanze kupokea mshahara. Mama akasogea dirishani, akabandika futi ya kupimia kwenye kioo. Daktari akaweka kikombe chini, akasimama, akanyoosha mikono kama alivyofundishwa utotoni. Wala hakuvuta tumbo ndani, maana fundi hadanganywi. Mama akapima upana, akapima urefu, akashuka mpaka chini kabisa. Hakumtazama usoni.

"Mama ananishonea gauni," daktari alimwambia jirani yake wa kiti, rubani mstaafu.

Rubani alimtazama kwa huruma. "Wangu alitumia shuka," alisema.

Ijumaa jioni mama alipanda juu ya kigoda, akapigilia msumari huku na msumari kule, akapitisha waya. Kitambaa kikashuka. Pindo lilikuwa limenyooka, na kililienea dirisha lote bila kupungua hata kidole. Nyuma yake taa ya jiko iliendelea kuwaka. Kivuli cha mama kikapita na sufuria, kikarudi bila sufuria.

Daktari akagonga kioo. Akagonga tena kwa ngumi zote mbili. "Mama! Nakuja Jumatatu! Mama, sikia, nakuja kweli!"

Hakuna mwanachama aliyegeuka. Kila mmoja alikuwa na pazia lake la kutazama.

Katibu akamletea kahawa ya moto. "Wengine hupata gunia," alisema. "Hiki ni kitambaa kizuri sana."

"Ni fundi," daktari alisema, akapenga kamasi.

Jumatatu walikuja wagonjwa wa kung'oa, na Jumanne wa kuziba. Jumatano jioni daktari alikuwa kitini mwake, kikombe mkononi, ameyaelekea maua ya manjano, akingoja kivuli kipite.