Simu Iliyovuka Mpaka

Miriam alipoteza masikio utotoni. Homa ilimjia, ikamwachia uhai, ikaondoka na sauti zote za dunia. Shule ya viziwi hakuiona hata kwa mlango. Lugha aliyokuwa nayo aliitunga mwenyewe kwa mikono, pale kwao kwenye miteremko inayoshukia mto Lwakhakha, ambako ng'ambo ya maji ni Uganda. Mumewe aliijua nusu, kisha akafa. Wesley, mwanawe mkubwa, alijua ishara za chakula na za kazi, basi. Aliyeijua yote alikuwa kitindamimba, Cornelius, aliyeanza kuisoma mgongoni kwa mama akichungulia juu ya bega.

Cornelius alipopata kazi ya ulinzi Doha, katika jengo moja refu la mtaa wa The Pearl, mama yake alibaki na watu tele lakini hana wa kuzungumza naye.

Habari zilipitia kwa Nafula, mke wa Wesley, aliyekuwa na kabambe, simu ndogo ya vitufe. "Mama anakusalimia, shemeji. Yuko mzima," Nafula husema. Cornelius hushukuru, lakini moyoni alijua kwamba hayo ni maneno ya Nafula. Mama yake hakuwahi kusalimu mtu kwa ufupi namna ile. Salamu yake ilikuwa na ng'ombe ndani, na mvua, na nani kagombana na nani.

Ndipo akaamua kununua simu ya picha, ili aione mikono ya mama mwenyewe. Aliinunua kwa Tony, Mganda mwenye kibanda cha simu karibu na makazi ya wafanyakazi.

"Hii haina kufuli la kampuni yoyote," Tony alimwambia. "Tia laini ya nchi unayotaka, itashika."

"Hata kijijini?"

"Kijiji nacho kiko duniani, si ndiyo?"

Shiru, aliyefahamiana naye kanisani, alikuwa akienda likizo. Aliibeba simu hadi Bungoma, na Wesley akaichukua huko. Siku waliyopatana, Cornelius alivaa shati safi, akaketi kitandani mwake mahali penye mwanga, mikono tayari. Alingoja. Mwishowe aliyepiga ni Nafula, kwa kabambe yake ya zamani.

"Shemeji, hii simu inatukaribisha Uganda."

Mnara wa Kenya uko nyuma ya kilima, na nyumba ya Miriam iko bondeni. Mnara wa ng'ambo umesimama wazi ukiwatazama. Simu mpya iliuona huo, ikaufuata. Cornelius aliwaelekeza wailazimishe ishike mtandao wa Kenya, simu ikasema hakuna mtandao. Wakairuhusu itumie mtandao wa ugenini, salio likayeyuka kabla hata uso wa mtu haujatokea. Kabambe ilijikongoja hivyo hivyo kwa sauti, lakini sauti ingemfaa nini Miriam?

Cornelius alirudi kwa Tony akiwa amekasirika. Tony alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Simu haina kosa, ndugu yangu. Ndiyo maana nilikwambia haina kufuli. Inamfuata anayeiita kwa nguvu."

Palibaki mahali pamoja tu, juu kwenye kilima, karibu na kanisa, ambapo mtandao wa nyumbani ulifika. Nafula alimpandisha Miriam huko Jumapili moja. Picha ikaja. Cornelius aliuona uso wa mama yake kwa mara ya kwanza tangu aondoke, akaona mikono ikiinuka, kisha picha ikaganda. Ikaruka, ikaganda tena. Neno la mdomo likikatika unaweza kulikisia. La mkono likiganda, huo ni mkono tu. Walijaribu Jumapili nyingine, na nyingine, halafu Nafula akasema mama amekataa kupanda. Ni magoti, alisema.

Hayakuwa magoti.

Cornelius alikuwa zamu, alasiri, amesimama ukumbini mwa lile jengo, simu ilipotetemeka mfukoni. Walinzi hawaruhusiwi kushika simu kazini. Ilitetemeka tena na tena. Msimamizi wake, Mutai, mtu wa Bomet asiyependa mchezo, alimsogelea.

"Ni nani huyo?"

"Ni kaka. Amempeleka mama hospitali mjini."

Mutai alitazama kamera iliyokuwa darini, akatazama mlango. "Ingia chumba cha vifurushi. Mimi nitasimama hapa."

Aliyetokea kwenye kioo alikuwa daktari wa kike, mchovu, aliyejitaja kuwa Valerie. "Wewe ndiye Cornelius? Tuko na mama tangu asubuhi na hatuelewani. Kaka yako anajaribu, lakini mama anamsukuma. Kila tukimuuliza kitu anaonyesha simu."

Akaigeuza. Hapo mjini hapakuwa na mnara wa Uganda. Picha ilikuwa safi kama maji ya chemchemi. Miriam alikuwa amelala ubavu, amekuwa mdogo, macho ya manjano. Cornelius aliiegemeza simu kwenye maboksi ili mikono yake yote miwili iwe huru.

Mama akamwambia: Umekonda. Huko hawali?

Alicheka huku machozi yakimtoka. Kisha daktari akauliza maswali, naye akayageuza kuwa mikono, na mikono ya mama akaigeuza kuwa maneno. Maumivu yalianza lini. Yanakwenda wapi. Analala? Daktari alipotosheka alisogea kando, akazungumza kwa sauti ya chini, kana kwamba Miriam angeweza kusikia.

"Ni saratani ya ini, na imesambaa. Tumechelewa. Ana haki ya kujua, na hapa hakuna mwingine wa kumwambia ila wewe."

Katika lugha yao hapakuwa na neno la saratani. Cornelius alitazama vifurushi vya watu vilivyomzunguka. Kisha akauinua mkono wa kushoto, akachora mmea wa mahindi: mrefu, majani yamefunguka, mpita njia angeusifu. Kidole cha mkono wa kulia kikaingia shinani, kikapanda polepole kwa ndani, kikila.

Miriam alikitazama kile kidole. Akachukua chake akakiweka juu ya tumbo lake.

Nilijua, akasema. Tangu kule kilimani. Sasa waambie wanirudishe. Nataka kulala kwangu, niuone moto wangu.

"Anasemaje?" daktari akauliza.

Nyumbani ndiko bondeni, ambako simu huvuka mto ikawa ya watu wengine. Akirudi huko, ndiyo basi. Na duniani kote hapakuwa na mtu wa pili wa kujua mikono ile ilikuwa imesema nini.

"Anasema atakaa," Cornelius akajibu. "Mfanyieni mnachoweza."

Ikawa kila alasiri Mutai anasimama ukumbini na Cornelius yuko chumba cha vifurushi. Miriam alimimina yote yaliyomjaa tangu mwanawe aondoke. Alisimulia ng'ombe wa jirani aliyezaa pacha, Wesley alivyoanguka kutoka kwenye paa akajifanya hakuanguka, ndoto alizomwota mumewe. Cornelius alimsimulia joto la Doha, na jinsi matajiri wa jengo lile wanavyowavisha mbwa wao viatu ili lami isiwachome. Miriam alimfanya arudie hiyo ya viatu, vinne kwa kila mbwa, akacheka mpaka akajishika ubavu.

Lakini kila walipomaliza aliuliza lile lile: Mbona hawanipeleki?

Kesho, Cornelius alimjibu. Wanangoja dawa.

Mikono yake haikuwa imewahi kumdanganya mama. Chumbani, usingizi ulimpaa. Maurice, aliyelala kitanda cha chini, alimuuliza kuhusu likizo.

"Nimeomba. Ruhusa bado inazunguka ofisini."

"Na mama?"

"Mama yuko hospitali. Anataka kwenda nyumbani."

"Si wampeleke?"

Cornelius aligeukia ukuta.

Ilifika alasiri ambayo Miriam hakuweza tena kuinua mikono. Ishara zake zilikuwa zimekuwa ndogo, anazifanya kwa vidole tu juu ya blanketi, na Wesley ilimbidi ashushe simu karibu kabisa ili zionekane. Cornelius alitazama vile vidole vikiuliza lile swali, akashindwa kuinua jibu la jana.

Ni mimi, akasema. Hao hawajui. Sikuwaambia.

Vidole vikajibu: Najua.

Ulijuaje?

Nikimwonyesha daktari mlango, yeye hutabasamu tu. Mtu aliyeambiwa hatabasamu vile.

Mbona hukunikasirikia?

Nami nilikuwa nakutazama, mama yake akasema.

Cornelius akaomba aitiwe daktari. "Daktari, mama anataka kwenda nyumbani. Alisema hivyo tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyebadilisha."

"Sawa," Valerie alijibu. "Nitaandaa dawa za maumivu aondoke nazo."

Mama na mwana walibaki wakitazamana, bila ishara yoyote, mpaka wauguzi walipokuja na kitanda cha magurudumu na Wesley akahitaji mikono yake kumwinua mama. Jioni hiyo Cornelius alipiga, simu haikupatikana. Ilikuwa imeshafika Uganda.

Nafula alipiga kwa kabambe alfajiri moja, walinzi wakijiandaa kupanda basi la kazi.

"Shemeji, uko na mtu hapo karibu?"

Alijua. Aliketi kwenye ngazi, na Maurice akaja akaketi naye.

"Ameondoka vizuri," Nafula akasema. "Tulimlaza karibu na moto kama alivyotaka. Alikuwa akisema na vidole hadi mwisho. Nilimtazama sana, shemeji. Nilitamani nielewe."

"Alifanyaje? Vidole alivifanyaje?"

"Alifanya hivi..." Nafula akakatiza. Kabambe haikuwa na macho. "Kama mtu anayekunja kitu. Halafu anakiweka. Ama anakitoa. Sijui niseme vipi."

Baadaye Nafula alipanda kilimani na ile simu kubwa amwonyeshe. Lakini alikuwa amelia na kupika na kupokea waombolezaji, na kila alipojaribu, mikono ilitoka tofauti. Cornelius alimwambia aache, asijitese.

Mazishi hakuyaona. Ruhusa ya likizo ilitoka wiki iliyofuata, naye akaomba isogezwe mbele, maana haraka ilikuwa imekwisha. Mutai alimpa siku mbili za mapumziko ambazo hazikuwa zake kuzitoa. Shiru, aliyekuwa amesharudi, akaja makazini na sukuma wiki aliyoipata sokoni, Maurice akasonga ugali, na watu wachache kutoka nyumbani wakaketi sakafuni kwa ajili yake. Walisali. Wakala.

"Tuambie alivyokuwa," Shiru akamwambia. "Sisi hatukumjua."

Cornelius akafungua mdomo. Alitaka kuwaambia juu ya ng'ombe aliyezaa pacha, namna mama alivyoyaonyesha masikio ya ndama wa pili kwa vidole viwili vinavyochelewa, na namna alivyocheka viatu vya mbwa. Maneno yakaja makavu, hayana mtu ndani yake. Akatazama vidole vyake vilivyoshika ugali.

Akainuka, akaenda kwenye bomba, akanawa mikono vizuri, akaifuta. Kisha akarudi akaketi mahali ambapo wote wangemwona, akaanza kuwaeleza.