Injini Iliyokataa Kuzimika

Gari la maiti liliposimama langoni mwa boma la kina Nicanor, kule Lambwe, Filister ndiye aliyeshuka wa kwanza, kama alivyoagizwa na mama mkwe wake. Alikuwa amevaa koti la kazi la marehemu mumewe Nicanor, limegeuzwa ndani nje kama desturi inavyomtaka mjane. Mama Priscilla alikuwa ameshakata shauri: Ukristo ni Ukristo, lakini mjane wa mwanawe hawezi kusimama mbele ya jeneza kama mtu aliyekuja kununua kuku. Koti lilikuwa zito na lilinuka dizeli. Filister alilishukuru kimoyomoyo, maana tangu habari zile zimfikie, harufu ile ndiyo iliyomkumbusha kwamba yule mume alikuwa wake kweli.

Mchungaji akaomba watu wainamishe vichwa kabla jeneza halijaingizwa. Stanley, mwenye gari, akashuka naye, akavua kofia na kusimama kando ya mlango wake. Injini aliiacha ikinguruma polepole kwa sababu stata yake ilikuwa na kiburi. Ukiizima, huenda isikuwakie tena. Njia nzima kutoka mochari ya Homa Bay alikuwa ameisifu injini hiyo mpaka Filister akatamani kumziba mdomo.

"Bwana yako ndiye alinifungulia hii pampu, Mama Lynnet," alikuwa amesema. "Wiki ile ile ya mwisho. Sikia vile inavuta! Na tumebeba watu mpaka nyuma."

Na kweli ilikuwa inavuta. Filister alijua sababu yake kuliko Stanley. Nicanor alikuwa fundi wa Rongo, na sifa yake ilikuwa imefika Migori mjini na Karungu kwa wabeba samaki. Ukitaka gari lako lipande mlima kama limefukuzwa na nyuki, ulimpelekea Nicanor. Alifungua skrubu ya pampu ili injini ipate dizeli zaidi, kisha akakaza kijiti cha turbo ili isukume hewa zaidi, maana mafuta mengi bila hewa ni moshi mtupu. Akimaliza, mwenye gari alirudi akicheka peke yake. Filister alimshikia spana miaka yote ya ndoa yao, na mara nyingi alikuwa amemwambia: hii turbo imechoka, ibadilishe kwanza kabla hujaiongezea kazi. Nicanor alimcheka. Mteja amekuja kutafuta nguvu, alisema, hajakuja kutafuta hotuba.

Kisha Nicanor akafa. Alikuwa akija kumwona mama yake na pikapu yake mwenyewe, ambayo alikuwa ametoka kuifungua pampu. Kuna daraja kati ya Homa Bay na Lambwe, na barabara inateremka hadi pale kutoka pande zote mbili. Watu wa pale walisema pikapu ilikuja ikipiga kelele ya ajabu, imefunikwa na moshi, ikanyoosha moja kwa moja mtoni kana kwamba kona haikuwepo. Moshi ule, wakasema wote waliojua na wasiojua magari, ulikuwa wa breki zilizoungua. Na breki zile zilikuwa zimefungwa siku iliyotangulia na Javan, mdogo wake Nicanor, aliyefanya naye kazi gerejini na ambaye alikuwa amegombana naye mbele ya watu. Polisi walimkabidhi Filister viatu, simu iliyopasuka, na ufunguo wa gari. Ufunguo, wakamwambia, waliukuta mkononi mwa marehemu, ameukamata. Hakuna aliyejua maana yake. Wazee walisema ni alama ya jambo, na wazee wakisema hivyo huwa hawana haraka ya kulitaja jambo lenyewe.

Filister hakuhitaji kutajiwa. Alimchukia Javan. Tangu msiba uanze hakuwa amemsemesha hata neno moja, na alipoambiwa kwamba ukoo umeamua Javan asiguse jeneza, alisema ni sawa.

Basi mchungaji alikuwa katikati ya sala, macho yamefungwa, injini ilipopandisha sauti.

Filister alikasirika. Huyu Stanley hana adabu hata kidogo, aliwaza, anakanyaga mafuta wakati wa maombi! Akafungua macho kumkaripia. Stanley alikuwa bado amesimama nje, kofia kifuani, naye anamtazama Filister kwa macho ya kuuliza. Ndani ya gari hapakuwa na mtu. Palikuwa na Nicanor peke yake, huko nyuma, ndani ya sanduku lake.

Sauti ikazidi kupanda. Ikatoka kwenye mngurumo ikawa kilio, na kutoka nyuma ya gari likafumuka wingu la moshi mweupe wenye ubuluu, likawameza waimbaji. Stanley alirukia ndani, akazungusha ufunguo. Injini haikujali. Akauzungusha tena, akauchomoa kabisa, akatoka nje mbio, ameuinua juu watu wote wauone.

"Nimezima!" alipiga kelele. "Jameni, nimezima! Ufunguo si huu hapa?"

Na injini ikaendelea kupanda.

Hapo ndipo watu walipotawanyika. Wanawake walipiga uwi, viti vikapinduka, mchungaji akajikuta nyuma ya tangi la maji bila kujua miguu yake ilimfikishaje. Gari lilitetemeka pale lilipo, jeneza likagongagonga ndani, ko, ko, ko, na kila aliyesikia mbao zile zikigonga alihisi nywele zikimsimama. Mzee Ajwang', ami yake marehemu, ndiye pekee aliyebaki amesimama karibu, fimbo imeinuliwa.

"Nicanor amekataa kuingia!" alisema. "Tuliiita roho yake pale darajani irudi nyumbani, naye amerudi. Lakini kuna mtu hapa ambaye Nicanor hataki kumwona. Yawa, si mnajionea wenyewe?"

Hakutaja jina. Vijana wawili tayari walikuwa wamemkamata Javan mikono, na wa tatu alikuwa amemshika ukosi.

"Sema ulimfanyia nini ndugu yako!"

Javan hakujitetea. Alikuwa anatazama gari tu, mdomo wazi, machozi yakimtiririka.

Filister alitazama mkono wa Stanley ulioinuliwa. Ufunguo nje. Injini inanguruma. Ufunguo mkononi. Moshi. Aliutazama mkono ule mpaka ukawa si wa Stanley tena, ukawa mkono wa Nicanor darajani. Mungu wangu. Hivi ndivyo ilivyokuwa! Turbo iliyochoka imeachia oili, oili imepita kwenye bomba la hewa, na injini imeanza kuinywa oili yake yenyewe badala ya dizeli. Dizeli unaweza kuikata kwa ufunguo. Oili huwezi. Nicanor alizima gari likakataa, akachomoa ufunguo kwa hofu kama huyu Stanley alivyouchomoa sasa, na gari likiwa linateremka, ufunguo ukitoka, usukani hujifunga. Kona aliiona. Hakuwa na cha kuikatia.

Breki hazikuwa na kosa lolote; injini ilizizidi nguvu.

"Tia gia!" alimpigia Stanley kelele. "Gia kubwa, kanyaga breki, achia klachi, ife!"

"Litaruka! Angalia watu mbele!"

Ni kweli, mbele palikuwa na bibi wawili walioshindwa kukimbia, wameketi chini wameshikana. Filister hakungoja tena. Alifungua boneti, akalivua lile koti. Nyuma yake akamsikia Mama Priscilla akilia kwamba mjane amevua, mjane amevua kabla ya mume kuzikwa, wuololo! Filister alilikunja koti mara nne, akang'oa bomba kwenye chujio la hewa, na akaukandamiza nalo ule mdomo uliokuwa ukivuta hewa kwa nguvu za kutisha. Kitambaa kilinyonywa ndani, kikamvuta na mikono yake. Akakilalia kwa kifua. Injini ilikohoa, ikatikisika kama ng'ombe anayekata roho, ikanyamaza.

Mtu aliweza kusikia mbuzi wa jirani.

"Amemtuliza," mtu alinong'ona. "Mke amemtuliza na koti lake."

"Amemtuliza, ndiyo," akasema mzee Ajwang', "lakini kwanza Nicanor alituonyesha mtu. Mtoeni huyo nje ya boma la mamake. Asirudi."

Vijana wakaanza kumkokota Javan. Filister alisimama kando ya boneti, mikono inanuka oili ya moto, na akaona njia mbili, moja rahisi sana. Hakuwa na haja ya kusema kitu. Wote walikuwa wameamini. Walioegesha magari pale nje walikuwa wateja wa gereji, wabeba samaki na wenye matatu, na gereji ile yenye jina la Nicanor ukutani ndiyo ingewalisha wanawe, Lynnet na mdogo wake, kuanzia kesho. Akisema ukweli, nani angeleta gari tena kwa mjane wa fundi aliyejimaliza kwa kazi ya mikono yake? Akinyamaza, jina la Nicanor lingebaki safi, na Javan angeondoka na jina la muuaji mpaka kaburini.

Na kilichomwumiza zaidi ni kwamba alikuwa ametaka iwe Javan. Alikuwa ameomba iwe Javan.

"Mwachilieni," alisema.

Hawakumsikia. Akapaza sauti mpaka ikakwaruza.

"Mwachilieni Javan! Breki zilikuwa sawa. Nicanor aliuawa na kazi yake mwenyewe. Alifungua pampu, akaiongezea turbo presha na ilikuwa imeisha, na mimi nilimwambia. Ile pikapu ilimfanyia hivi, hivi mlivyoona. Alichomoa ufunguo kama Stanley. Usukani ukashika." Aliingiza kidole kwenye bomba la hewa, akakitoa cheusi, kinachuruzika. "Hii ni oili. Hapa haifai kuwa na oili. Hakuna roho hapa, mzee. Ni oili."

Mama Priscilla alivuka uwanja bila kukimbia. Alipofika alimzaba Filister kofi lililosikika hadi barabarani.

"Mwanangu amelala hapo! Hajafika hata mlangoni kwake, na wewe unamtukana?"

Filister alishika shavu. Alitazama huku na huku akitafuta uso mmoja tu wa kumwonea huruma, na alichokiona ni watu walioduwaa, wanaume wazima wanaotazamana na kuepuka kumtazama yeye. Stanley aliketi juu ya jiwe na kushika kichwa. Vijana walikuwa wamemwachilia Javan, pengine kwa mshangao tu, naye alikuja pole pole mpaka mbele ya shemeji yake.

"Ni kweli, shemeji?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Usinidanganye. Nimekaa nikifunga zile breki kwa kichwa changu kila siku. Nati moja moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaamini ni mimi."

Filister aliitikia kwa kichwa, ndiyo, kweli, akamshika Javan mkono.

Wakati huo ndipo mtu mwingine alipomgusa bega. Alikuwa Bravin, dereva wa basi dogo la shule ya Homa Bay lililowaleta watoto wa kwaya. Kijana mwenye maneno mengi siku zote, lakini sasa midomo yake ilikuwa imekauka.

"Mama Lynnet, samahani. Najua si wakati." Alielekeza kidole kwenye basi lake. "Na yangu? Nicanor alinifungulia pia. Kabla tu... kabla ya hiyo mambo. Mwalimu ameshapandisha watoto, moshi umewatisha, tunataka kuvuka daraja kabla ya mvua. Nimewasha tayari."

Filister aligeuka. Kando ya ua, basi la manjano lilikuwa linanguruma taratibu. Madirisha yamejaa vichwa vidogo, vyote vinamtazama.

"Kazime," alisema. "Usikanyage mafuta hata kidogo. Nenda pole pole ukazime."

Bravin alikwenda kwa kunyatia, kama mtu anayeendea mbwa mkali. Akazima. Likazimika. Umati mzima ulikuwa umemfuata Filister bila mtu kuwaambia, wazee kwa vijana, na hata mchungaji alitoka nyuma ya tangi. Javan alifungua boneti, akalegeza kibano cha bomba la hewa, akalivuta.

Oili ilimwagika. Haikuchuruzika, ilimwagika, ikamlowesha Javan viganja vyote na kudondoka kwenye nyasi. Mtu alimwita Mungu kwa Kijaluo. Mzee Ajwang' aliishusha fimbo yake chini.

"Watoto washuke," Filister alisema. "Wote."

Mlango ukafunguliwa. Mtoto wa kwanza alikuwa mdogo, ngazi ilikuwa ndefu kwake, akasita. Mama Priscilla ndiye aliyejitokeza kutoka katikati ya watu, akamnyooshea mikono, akamteremsha. Akampokea wa pili, na wa tatu. Alikuwa bado ameshika mkono wa huyo wa tatu alipomgeukia mkaza mwanawe.

"Hawa wangepita pale pale darajani?"

"Pale pale, Mama."

Mama Priscilla akaketi chini kwenye vumbi, nguo nyeusi na yote, akamvuta yule mtoto kifuani. Mtoto hakuelewa, lakini alitulia. Wengine waliendelea kushuka, mmoja mmoja, wakisimama kumzunguka.